Kabla ya Chipu, Fungua Boneti

Kisanduku chenyewe hakizidi viberiti viwili vilivyobebanishwa. Kina taa ya kijani, meno ya kuchomeka, na kikaratasi kinachoahidi mambo matatu: nguvu kuongezeka, dizeli kupungua, moshi kwisha. Mzee aliyekuja nacho gereji hapa Garissa alikuwa amekiagiza kwa simu, kikaletwa na basi la usiku kutoka Nairobi. Aliegesha Hilux yake kivulini, akamkabidhi fundi kile kisanduku kwa mikono miwili, kama anayekabidhi dawa ya mgonjwa.

"Abti, niwekee hii. Gari imechoka. Nikipakia mbuzi haipandi tena kama zamani."

Fundi alipapasa chini ya usukani akitafuta tundu la kuchomeka. Hakulipata. Akafungua boneti, akaitazama injini kidogo, kisha akakirudisha kisanduku kwa heshima. "Adeer, hii ni 3L. Haina kompyuta. Hii chipu itaongea na nani?"

Natamani kila mwenye pikapu ya dizeli, kuanzia Bura hadi Mandera, aliulize swali hilo kabla ya kutuma pesa. Chipu ya kuongeza nguvu, iwe ya kuchomeka au ya kuunganishwa kwenye nyaya, ina kazi moja tu: kuishawishi kompyuta ya gari imwage dizeli nyingi zaidi, mapema zaidi, au kwa presha kubwa zaidi. Palipo na kompyuta, kuna wa kushawishiwa. Pasipo na kompyuta, umenunua taa ya kijani.

Na pikapu nyingi kongwe zinazobeba mifugo, maji, miraa na abiria huku kwetu hazina kompyuta ya kusimamia dizeli. Zina pampu ya chuma, mabomba membamba na nozeli. Ndiyo maana zimedumu. Ikizima katikati ya Habaswein na Wajir, fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua chini ya mgunga na ikawaka tena kabla ya magharibi.

Soma jina la injini

Usitegemee umri wa gari wala maneno ya muuzaji. Tazama namba ya injini kwenye logbuku, kisha uihakikishe kwenye injini yenyewe, maana magari mengi huku yamekwisha kubadilishwa injini.

Kwa Toyota, herufi zinasema mengi. 2L, 3L na 5L, yaani lita 2.4, 2.8 na 3.0, ni injini za pampu ya chuma zisizo na turbo. Vivyo hivyo 1HZ ya Land Cruiser, ile ya silinda 6 na lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990 na ambayo polisi, mashirika ya misaada na wasafirishaji wa kaskazini wanaijua kama wanavyojua chai ya maziwa. Ukiona T kwenye herufi za mwishoni, kuna turbo. Ukiona E, kama kwenye 1KZ-TE, kuna umeme unaosimamia pampu. Ukiona V, kama kwenye 1KD-FTV na 2KD-FTV za Hilux zilizotoka katikati ya miaka ya 2000, hiyo ni komoni reli: kompyuta ndiyo inayoamua kila tone.

Kwa Isuzu, 4JA1 na 4JB1 za zamani ni za pampu, na 4JJ1 na 4JK1 ni za komoni reli. Kwa Nissan, TD27 ni pampu, YD25 ina kompyuta.

Jina likikuchanganya, mwambie tanboi akanyage mafuta huku wewe umesimama mbele ya boneti. Kama kuna kebo inayovuta mkono wa pampu ya dizeli, na pampu haina fungu la nyaya zinazoingia ndani yake, mambo ya chipu yameishia hapo. Funga boneti na uhifadhi pesa yako kwa kazi nitakazozitaja.

Hata kwa magari yenye kompyuta, jihadhari na visanduku vya kuchomeka tu vinavyojisifu kuokoa dizeli. Wataalamu wa kompyuta wa Ufaransa waliwahi kukifungua kimoja maarufu cha aina hiyo, wakakuta taa za kuwakawaka na hakuna lolote la kuliambia gari. Piga hesabu mwenyewe. Kikaratasi cha yule mzee kiliahidi kuokoa asilimia 35. Maana yake tangi la lita 80 lingefanya kazi ya lita 123. Kama plastiki ya ukubwa wa kiberiti ingeweza kufanya hivyo, viwanda vya magari vingekuwa vimeiweka zamani, maana vinapigania hata asilimia moja.

Nguvu unayoitafuta ulikuwa nayo

Turudi kwa yule mzee. Hakusema gari lake halijawahi kuwa na nguvu. Alisema halipandi tena kama zamani. Katika neno "tena" ndimo ulimo ugonjwa. Gari kongwe kwa kawaida halihitaji kuongezewa nguvu. Linahitaji kurudishiwa ile liliyoipoteza.

Fundi alianza na filta ya hewa. Aliitoa, akaigonga taratibu kwenye bampa, mchanga mwekundu ukamwagika chini, kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa. Akawasha tochi ya simu ndani ya filta: mwanga haukupenya popote. Injini ya lita 2.8 ilikuwa ikivuta pumzi kupitia blanketi. Dizeli isipopata hewa haiungui yote, na isiyoungua hutoka nyuma kama moshi mweusi. Pesa yako ndiyo ile inayopaa angani.

Ukiendesha nje ya lami, itazame filta kila wiki. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, na usiipulize mara nyingi: karatasi ikitoboka, mchanga utaingia kwenye silinda na kuzisaga kama msasa. Kagua pia mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Ufa mdogo chini ya klipu umeua injini nyingi ambazo filta zake zilikuwa mpya.

Baada ya hewa akaja kwenye dizeli. Filta ya dizeli ilikuwa na maji chini yake. Huku tunanunua dizeli kwenye vituo, lakini pia kwenye mapipa na mitungi ya lita 20 kando ya barabara, ambayo imekaa juani na kupita mikononi mwa watu wengi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulifika mahali serikali, mwaka 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Elewa kwa nini mchanganyiko huo unaumiza: pampu ya dizeli hailainishwi na oili, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni makavu. Kila kilomita unayoendesha nayo, chuma kinasuguana na chuma.

Ukilazimika kununua mtungini, jaza chupa safi, iache itulie, kisha itazame kwenye mwanga. Maji yatakaa chini. Na skrubu ndogo iliyo chini ya filta ya dizeli ipo kwa ajili ya kumwaga maji hayo, si pambo.

Nozeli zikafuata. Nozeli nzima hupuliza dizeli kama ukungu. Zilipopelekwa kwenye mashine ya kupimia, mbili kati ya nne zilikuwa zinadondosha kama bomba bovu la msikitini. Hapo tayari nusu ya malalamiko ya mzee ilikuwa imepata jibu, na hakuna hata senti iliyotumika kwa chipu.

Orodha inaendelea. Mkanda wa taimingi ukikosea jino moja, gari huwaka na hutembea, ila linakuwa zito kama limefungwa kamba. Ubadilishe kwa wakati. Kwa injini nyingi za aina hii ni kila kilomita 100,000 hivi, na gari la kununua mkononi mwa mtu hesabu kwamba haujabadilishwa. Breki inayoshika gurudumu hula nguvu kimya kimya: baada ya safari weka kiganja karibu na kila rimu, inayochoma kuliko zenzake ndiyo mgonjwa. Na tairi. Wengi wetu tumeweka tairi kubwa ili gari lisikwame kwenye mchanga wa laga, yaani mito mikavu. Tairi ikiwa kubwa kwa asilimia 10, gia zako zote zimerefuka kwa asilimia 10. Ongeza bampa la chuma, keria na tangi la ziada, kisha ulaumu injini!

Mwisho, pima kompresheni. Injini kama 3L hubana hewa karibu mara 22 ili dizeli iwake bila plagi. Ringi na silinda zikiwa zimelika, hakuna kifaa kitakachokusaidia isipokuwa kuifungua injini. Kuongezea dizeli injini iliyochoka ni kumpiga bakora punda mgonjwa.

Mlima usiouona

Kuna lalamiko ninalolisikia sana kutoka kwa wanaopeleka mbuzi Nairobi: gari linakwenda vizuri hadi mahali fulani, halafu baada ya Mwingi linakufa moyo. Wengine hudhani ni dizeli ya kule. Tazama urefu wa ardhi. Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwingi ni kama mita 1,000. Thika unapita 1,500, na Nairobi unakaribia 1,700. Ukivuka daraja la Tana kuelekea Madogo unaanza kupanda mlima wa kilomita 370, ila umetandazwa mpaka macho hayauoni.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo ukifika Nairobi umeacha njiani kama asilimia 15, pamoja na mzigo uleule mgongoni. Chipu haiongezi hewa. Turbo ndiyo inayoongeza, na kufunga turbo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo ni mradi mkubwa wa pesa, upozaji na oili, si kazi ya alasiri moja. Jibu la bei nafuu ni kupunguza mzigo na kushusha gia mapema.

Jambo hili lina upande wa pili wenye faida. Kama pampu yako ilirekebishwa Nairobi kwa kutazama moshi, fundi wa kule aliirekebisha kwa hewa nyepesi ya kule. Gari linalofanya kazi Garissa, Ijara na Hola linastahili kurekebishwa kwa hewa ya bondeni.

Skrubu ya pampu

Kwa injini za pampu ya chuma, kuna kitu kinachofanana na chipu: skrubu ya kiasi cha dizeli iliyo nyuma ya pampu. Ikizungushwa kidogo, gari huamka. Kwa sababu hiyo vijana wanaizungusha kiholela, wakipimia kwa sikio na moshi.

Dizeli ikizidi hewa, kinachoongezeka ni joto. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Kwenye Garissa ya nyuzi 36 kivulini, umepakia tani moja na nusu, upepo unatoka nyuma, injini iliyomwagiwa dizeli kupita kiasi haina pa kuponea. Itaanza kwa kula maji, kisha hedi gasketi, kisha hedi yenyewe kupasuka.

Kwa hiyo, ukitaka skrubu iguswe, ipeleke pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupima pampu, airudishe kwenye kipimo cha kiwandani kwanza. Mara nyingi hicho chatosha. Na kabla ya kuongeza zaidi ya hapo, safisha rejeta hadi uone mwanga upande wa pili, pima feni, na rudisha thamostati. Najua huku kuna kawaida ya kuing'oa ili "injini ipoe". Thamostati nzima hufunguka yenyewe injini ikipata moto. Ukiing'oa, maji hupita bila mpangilio, injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa asubuhi, inakula dizeli na kuchakaa, na mchana wa joto haikuokoi. Kama gari linachemka, tatizo liko kwingine.

Kama gari lako lina kompyuta

Sasa tuje kwa mwenye 1KD, 4JJ1 au YD25 iliyo nzima. Wewe chipu inaweza kukufaa, kwa sababu injini yako ina turbo, ina kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula, na kompyuta yake inasikia. Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni kisanduku kinachokaa kati ya sensa ya presha ya dizeli na kompyuta. Kinadanganya. Presha halisi ikiwa hivi, chenyewe kinaiambia kompyuta kwamba iko chini, na kompyuta inaipandisha. Kumbuka kwamba tairi yako ina baa 2 au 3. Reli ya dizeli hupita 1,000 injini ikifanya kazi nzito. Kuipandisha juu ya hapo kwa uongo ni kuzibebesha injekta mzigo ambao hazikuahidiwa, na injekta za komoni reli hazivumilii dizeli chafu hata kidogo. Seti moja mpya inaweza kukugharimu mara kadhaa ya bei ya chipu.

Ya pili ni kuandika upya programu ndani ya kompyuta yenyewe. Ikifanywa na mjuzi ni bora, kwa sababu hupanga dizeli, muda na nguvu ya turbo kwa pamoja. Ikifanywa na aliyepakua faili la gari lingine, ni balaa.

Ukiamua kununua, muulize muuzaji maswali haya na usilipe kabla ya majibu. Je, kimetengenezwa kwa jina hasa la injini yangu, au kwa "dizeli zote"? Kinaunganishwa kwa soketi za asili, au utanikatia nyaya? Programu ya asili ya gari langu utaihifadhi wapi, na nakala yangu iko wapi? Ninaweza kukipunguza nguvu? Kikifa njiani El Wak, nakitoaje gari likaendelea kutembea? Kisanduku kisichong'oleka kwa mkono ndani ya dakika 5 hakifai kusafiri kaskazini. Na kile kisichozibwa vizuri kitaingia vumbi kabla ya mwezi kwisha.

Kuwa na kiasi. Nyongeza ya asilimia 15 hadi 20 ndiyo inayoeleweka kwa gari la kazi. Anayekuahidi 50 hafikirii klachi wala giaboksi yako, ambazo zilitengenezwa kwa nguvu ya awali. Klachi ndiyo itakayoanza kuteleza, tena ukiwa umejaa. Funga pia geji ya joto la moshi kwenye eksozi kabla ya turbo, na umfundishe dereva: ikikaribia nyuzi 700 (hilo ni joto la moshi, si la pistoni), aachie mafuta, ashushe gia. Bila geji hiyo unaendesha gizani. Kisha iambie kampuni yako ya bima. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli yote, na badiliko lililofichwa ni mlango wa kukunyima fidia siku ya ajali.

Kama gari lako la kompyuta linabeba mzigo kupita kiasi kila siku, linanywa dizeli ya mitungi, na linalala mbali na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, ushauri wangu ni mfupi: usiweke.

Pima, usisikilize

Mtu akishalipa pesa, sikio lake humsaidia muuzaji. Kwa hiyo pima. Chagua barabara tambarare ya lami, mzigo uleule, saa ileile ya siku. Jaza tangi hadi shingoni kwenye kituo kilekile, nenda, rudi, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Kwa nguvu, weka gia ya 4, anza kilomita 60 kwa saa kwenye alama moja, na mwenzako ahesabu sekunde hadi 80. Fanya mara 3 kabla na mara 3 baada. Andika kwenye daftari. Tofauti isiyoonekana daftarini haipo.

Yule mzee alitengeneza gari lake bila chipu. Filta mbili, nozeli zilizotengenezwa, breki moja iliyokuwa imeshika, na presha sahihi ya tairi. Aliporudi wiki iliyofuata hakuzungumzia nguvu. Alisema tu kwamba moshi umekwisha na mbuzi wamefika sokoni mapema.

Basi huu ndio mpangilio wa matumizi ya pesa yako: hewa kwanza, dizeli safi pili, nozeli na pampu tatu, upozaji nne, tairi na breki tano. Chipu ni ya sita, na ni kwa injini yenye kompyuta tu. Kesho asubuhi, kabla injini haijapata moto, toa filta ya hewa na uimulike kwa tochi. Mwanga usipopenya, umeshajua pesa yako inaanzia wapi.